Mtu wa Kuarifiwa

Ukurasa wa kwanza wa ile fomu haukuwa na shida. Jina la biashara, mahali ilipo, idadi ya wafanyakazi, aina ya kazi. Niliandika "kukata na kupunguza miti, Musoma na jirani" kwa mwandiko wa kupendeza, kwa sababu kabla ya mambo ya miti nilikuwaga nachapa barua za watu kwenye duka la kutoa kopi, na mimi karatasi hazinitishi. Ukurasa wa pili ndio uliotugombanisha, mimi na mume wangu, mchana kweupe, sahani za ugali na sato zikiwa bado mezani.

Ukurasa huo ulikuwa na jedwali la safu tatu. Ya kwanza iliuliza hatari gani inaweza kutokea kazini. Ya pili, nani anaweza kudhurika. Ya tatu, mtafanya nini kuizuia. Nikamsomea kwa sauti, kalamu mkononi.

"Andika hakuna," akasema.

"Hakuna vipi? Unapanda mkaratusi mrefu kuliko kanisa, mkononi una msumeno wa mashine unaonguruma, halafu hakuna hatari?"

"Mama watoto, ukishaandika kwamba nitaanguka, utakuwa umeshaniangusha. Acha uchuro."

Neno hilo, uchuro, kwetu halichezewi. Mtu akisafiri humwambii gari linaweza kupinduka. Mwanamke akiwa mjamzito humtajii mabaya. Ukiyataja umeyaita. Mimi nina hasira za karibu, mtaani kwetu Kamunyonge nzima wanajua, lakini siku hiyo hasira ziligoma kutoka, kwa sababu hata mimi mkono ulikuwa mzito. Ingekuwa ni mume wa mtu mwingine ningeandika haraka haraka. Huyu ni baba wa watoto wangu, na nilitakiwa niorodheshe kwa wino namna zote anazoweza kufa.

Basi tukakubaliana. Safu ya kwanza, kila mstari, nikaandika: "Mungu apishe mbali." Safu ya pili: "Hakuna atakayedhurika." Safu ya tatu: "Maombi kabla ya kazi," na huo haukuwa uongo, tulikuwaga tunaomba kweli. Chini kulikuwa na swali la mwisho: je, kumewahi kutokea ajali yoyote katika kazi zenu? Hapo tulijibu wote wawili kwa pamoja, hakuna. Nikatia sahihi nikijiona nimemaliza.

Niseme tulifikaje kwenye hiyo fomu. Miaka yote tulifanya kazi kwa mdomo. Mtu ana mwarobaini umelalia bati lake, anampigia mume wangu simu, anakwenda na kaka yake ambaye ndiye mshika kamba wake, na vibarua wawili wa kukusanya matawi. Jioni mti uko chini, wameshikana mikono, basi. Hapa mjini, Bunda, mpaka vijijini huko. Kisha shule moja ya bweni upande wa Butiama ikatuita. Walikuwa na mkaratusi mkubwa umeinamia bweni la wasichana, na waya wa umeme unapita karibu yake. Mkuu wa shule alitupokea vizuri, akatupa na soda, halafu akasema hakuna shoka litakalogusa ule mti mpaka tuwe na karatasi: sehemu ya kazi iwe imesajiliwa, wafanyakazi wamepimwa afya, wameandikishwa kwenye mfuko wa fidia, na tathmini ya hatari imeandikwa ikapitiwa na watu wa usalama kazini.

"Mtu akiumia hapa, mimi nitaulizwa," alisema. "Lakini wewe mama utaulizwa kabla yangu."

"Mimi? Kwani mimi ndiyo napanda miti?"

"Leseni ya biashara ina jina la nani?"

Leseni ina jina langu. Mume wangu hapendi foleni. Siku ya kufuatilia leseni yeye alikwenda zake Kiriba, kwao, eti kusaidia kutengeneza nyavu, akaniachia mimi kuhangaika na madirisha ya ofisi. Ndivyo nilivyogeuka mwajiri bila kujua. Mimi mwajiri nilimjua ni yule mtu mwenye kiti kinachozunguka. Kumbe kwa sheria mwajiri ni mimi, mume wangu na shemeji yangu ni wafanyakazi wangu, na wajibu wa kuhakikisha hawaumii uko shingoni kwangu. Mume wangu alicheka njia nzima ya kurudi Musoma. "Bosi," ananiambia, "bosi, naomba ruhusa ninywe maji."

Fomu niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya usalama kazini. Afisa aliyenipokea tunasali naye kanisa moja, anaimba besi kwenye kwaya, mtu mpole. Alisoma ukurasa wa pili taratibu, akainua macho, akarudia kusoma. Nikaona anang'ata mdomo asicheke.

"Mama," akasema, "mimi pia ni mtu wa maombi. Asubuhi sitoki nyumbani kabla sijaomba. Lakini hapa kwenye safu ya tatu nilikuwa natafuta kamba."

Nikawaka. Nikamwambia kwetu hatuandiki mabaya ya watu, na yeye kama mtoto wa Mara analijua hilo, na kama ofisi yao inataka kumchuria mume wangu basi wamchurie wenyewe, kwa kalamu yao. Watu waliokaa kwenye benchi wakageuka kuniangalia. Yeye akanisubiri nimalize. Kisha akaweka kidole kwenye swali la mwisho.

"Hapa mmesema hakuna ajali."

"Hakuna."

"Sasa mama, mbona mzee alitoa ushuhuda?"

Kweli alitoa. Mwaka uliotangulia alikuwa juu ya mjohoro kwenye uwanja wa mtu kule Bunda, akarudi nyumbani mbavu zimechubuka, hawezi kuinua mkono. Jumapili iliyofuata, mchungaji alipouliza nani ana neno la shukrani, mume wangu alisimama akalieleza kanisa zima jinsi mguu ulivyoteleza, jinsi alivyobaki ananing'inia, na jinsi Bwana alivyomshika kwa kamba ya marehemu baba yake. Kina mama walipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilimbeba kuku wa shukrani mpaka mbele. Kanisa zima lilijua, fomu tu ndiyo ilikuwa haijui.

"Ile haikuwa ajali," nikasema, na sauti ilikuwa imeshashuka. "Aliteleza tu. Ajali ni ile ya kufika hospitali."

"Sisi ile tunaiita tukio la nusura. Nusura aanguke. Na sisi hilo ndilo tunalolitaka kuliko yote, kwa sababu mwenyewe bado yupo wa kutusimulia." Akatoa fomu mpya, akaisukuma kwangu. "Nendeni mkauandike ule ushuhuda humu, kama ulivyo. Ila humu kuna mstari mmoja ambao kanisani hatuuulizi. Sababu."

Nilirudi na bajaji nimenuna. Kilichoniudhi ni kwamba nilitamani kumkasirikia na sikuona pa kuanzia.

Nyumbani nikawakuta mume wangu na kaka yake nyuma ya nyumba wananoa mnyororo wa mashine. Shemeji ni mtu mrefu, maneno yake machache, ukimsalimia anaitika kama anachagua. Nikawaeleza, nikavuta kigoda, nikaanza kuandika. Mahali, Bunda. Mti, mjohoro. Kilichotokea, mpandaji aliteleza. Sababu?

"Mguu," mume wangu akasema. "Gome lilikuwa na unyevu."

Nikaandika. Mstari uliofuata ukauliza ni kifaa gani kilichomzuia asifike chini.

"Kamba ya baba."

Lazima niieleze hiyo kamba. Ilikuwa kamba ya nanga ya mtumbwi wa baba yao, kule Kiriba, ya manila, nene, rangi yake ya buluu ilishapauka. Mzee alipofariki wengine walichukua nyavu, wengine shamba, mume wangu akaomba kamba. Ilikuwa na msumari wake karibu na mlango wetu. Watoto walikuwa hawaruhusiwi kuigusa. Kila alipopanda mti aliifunga kiunoni, na mimi nilipoiona imetoka kwenye msumari nilijua yuko kazini, moyo wangu unatulia.

Basi nimeandika "kamba ya baba," nikasikia shemeji anakohoa. Akaiweka chini tupa aliyokuwa ananolea.

"Mwambie," akamwambia mdogo wake.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie wewe, au nimwambie mimi. Shemeji anaandika kitu ambacho siyo, na atakayetia sahihi ni yeye."

Mume wangu akauweka mnyororo chini. Kisha akasema. Mguu haukuteleza. Alikuwa ameegemea kamba kama siku zote, mikono yote miwili kwenye mashine, uzi mmoja wa kamba ukakatika, fundo likateleza, naye akashuka. Hakushikwa na kamba. Alinasa kwapa kwenye panda ya tawi la chini, ndiyo maana ya zile mbavu. Shemeji aliyaona yote kutoka chini. Walikaa kivulini kidogo, wakaifunga upya kamba, wakamaliza mti, wakakubaliana wasiseme.

Mimi mdomo wangu hutangulia kabla ya akili.

"Ulisimama mbele ya kanisa ukadanganya?"

"Sikudanganya. Mungu si aliniokoa?"

"Ulisema kamba ilikushika!"

"Sasa ningesemaje?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ningesimama mbele za watu niseme kamba ya baba iliniacha?"

Nikaanza kuikumbuka miti yote aliyopanda tangu siku ile, na kamba ile ile, na mimi niko nyumbani nachambua dagaa kwa raha zangu. Hapo hasira zikanirudia zote kwa mara moja, na nilizipokea.

"Sikiliza, baba watoto. Leseni ina jina langu. Ukianguka Butiama hawatamuuliza marehemu baba yako. Wataniuliza mimi nilikupa kamba gani upandie. Nitakuzika, nitalia, halafu karatasi zitasema aliyekuua ni mimi. Unaanguka, unavunjika shingo, unakufa pale pale mbele ya bweni. Umenisikia? Unakufa!"

Uchuro wote ulikuwa umetoka mdomoni kwangu, tena kwa kelele, majirani wanasikia. Nikasubiri kitu kitokee. Kuku waliendelea kuchakura. Basi nikachukua kalamu, na kwenye safu ya kwanza nikaandika: "Kuanguka kutoka juu." Safu ya pili: "Mume wangu." Afisa alikuja kulisahihisha baadaye, akaandika "mpandaji," lakini mimi siku ile nilimwandika kama alivyo.

Mume wangu bado alikuwa anaitetea. Eti ulikuwa uzi mmoja tu, eti ameshaufunga. Shemeji hakubishana naye. Alichukua gogo la mwarobaini, uzito kama wa mtu, akalifunga kwa ile kamba, akalitundika kwenye tawi la mti wetu wa uani. Likaning'inia vizuri. Mume wangu akaniangalia kama anayesema si umeona. Shemeji akaliinua gogo mpaka kifuani, akaliachia lidondoke kidogo, kama urefu wa mkono tu.

Paa! Kamba ikakatika katikati, gogo likapiga chini, kuku wakatawanyika.

Mume wangu akaokota vipande viwili, akavifungua kwa kidole. Ndani nyuzi zilikuwa zimekuwa unga, jua la miaka yote ya ziwani lilishazila. Akakaa chini na vile vipande mapajani. Mimi nililia. Sioni aibu kusema nililia kwa furaha, kwa sababu kilichokuwa chini pale ni gogo, na mume wangu yuko pembeni yake anapumua.

Baada ya hapo fomu ilijazika vizuri, tena nafasi za kuandikia zilitupungukia. Tuliagiza Mwanza mikanda miwili ya kupandia, inayoshika mapajani na kiunoni, na kamba mpya zenye lebo, na kofia ngumu. Tulipima afya, na shemeji akagundulika vitu vya karibu havioni vizuri, akapewa miwani, akashangaa kumbe mafundo yana nyuzi. Tuliwaandikia watu wa umeme waje wazime laini siku ya kazi. Safu ya tatu ikajaa mpaka pembeni. Na mwisho wake nikaandika, "Maombi kabla ya kazi," afisa akalisoma, akaliacha.

Kwenye ukurasa wa nne kulikuwa na kisanduku kidogo: mtu wa kuarifiwa ikitokea ajali, jina na namba ya simu. Hicho mume wangu alikataa nisimjazie. Alichukua kalamu akaandika mwenyewe jina langu, herufi moja moja, na namba yangu anayoijua kwa kichwa. Halafu akaenda kuoga bila kusema kitu.

Utaratibu tuliouandika ulikuwa hivi. Mpandaji hapandi na simu. Simu anakuwa nayo mshika kamba, na likitokea la kutokea anayepigiwa baada ya zahanati ni mimi. Asubuhi ya siku yenyewe, kule Butiama, nilimvuta shemeji pembeni.

"Shemeji, leo namba yako ikinipigia nitajua ni hilo. Usinipigie kuniuliza chai."

"Sawa, shemeji."

Niliwasomea fomu yote pale chini ya mti, kila mmoja akatia sahihi, vibarua nao. Tukaomba. Watu wa umeme wakazima laini, nikaandika saa. Mume wangu akavaa mkanda, akauvuta mara tatu, akaanza kupanda. Alipofika usawa wa bati la bweni sikuweza kuangalia tena. Kazi ya bosi ilinishinda, nikaenda kujificha jikoni kwa wapishi wa shule. Wanafunzi walikuwa likizo lakini walinzi na walimu waliobaki wanakula, kwa hiyo nikapewa ungo wa maharage nichague.

Nilikuwa nasikiliza. Mashine inanguruma, inanyamaza, tawi linashuka, mtu anapiga mluzi. Inanguruma tena. Nilichagua maharage mpaka nikawa natupa na mazuri. Kisha mashine ikanyamaza, na mluzi haukupigwa. Nikahesabu pumzi zangu. Hakuna kitu. Mpishi mmoja akaniuliza, mama unaumwa?

Simu ikaita. Namba ya shemeji.

Sijui nielezeje. Niliiangalia ile simu inavyotetemeka juu ya maharage, na nilijua nikiipokea nitakuwa mjane, na nisipoipokea nitakuwa na mume kwa dakika moja zaidi. Niliona ile safu ya kwanza, mwandiko wangu mzuri. Mpishi ndiye aliyebonyeza, akaniwekea sikioni.

"Haloo?" sauti ikasema. "Naongea na mtu wa kuarifiwa?"

Ilikuwa sauti ya mume wangu.

Nikaishika simu kwa mikono yote miwili.

"Unaarifiwa," akaendelea, kwa sauti ya maofisini, "kwamba mpandaji ameshuka. Mti umeisha juu, limebaki shina. Mpandaji ni mzima na ana njaa. Haloo? Bosi?"

Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Wapishi wakadhani nimefiwa, wakaanza kunishika mabega, na mimi nacheka, nalia, namtukana, yote kwa pamoja. Nikatoka na ungo wangu mkononi, maharage yanamwagika njia nzima. Alikuwa amesimama pale chini na mkanda wake, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, anatabasamu. Shemeji alijificha nyuma ya shina na miwani yake. Nikampiga mume wangu kwa ungo kwenye kofia ngumu, mara mbili. Kisha nikamshika mbavu, zile za upande ule, nikazipapasa juu ya shati mbele ya mkuu wa shule, na sikujali.

Jioni, kabla hatujaondoka, ilibidi nijaze karatasi ya siku. Ajali: hakuna. Safari hii niliandika taratibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Chini yake, matukio ya nusura. Mume wangu akasema andika hakuna. Nikamwambia anyamaze, hapa bosi ni mimi. Nikaandika saa, nikaandika mahali, jikoni. Kilichotokea: mtu wa kuarifiwa nusura afe. Aliyedhurika: hakuna.

Sababu: mpandaji ameshuka salama, akapiga simu.